Kazi Yangu Ilikuwa Kula Mchana

Siku ya kuniaga kliniki mlinipa doti tatu za kanga, saa ya ukutani na maneno mengi mazuri. Kanga nimezivaa, saa imeshakwama, maneno nimeyaweka. Kisha mmoja wenu akaniambia, "Bi Raya, tuandikie ulivyokuwa ukifanya, maana sisi tumepata semina tu." Nikakubali, nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Sasa hii ni wiki ya pili, na mkwe wangu ameanza kuniuliza kama naandika wasia.

Mshahara sitauandika. Wenyewe haukuwa na maneno mengi, na mimi sitauongezea.

Kwa atakayezisoma karatasi hizi bila kutujua, niseme kwanza kazi yenyewe. Kliniki yetu ya maradhi ya sukari iko Chake Chake. Mimi nilikuwa nikiwatembelea wagonjwa wanawake majumbani kwao, mmoja mmoja, nikikaa nao na kuzungumza nao. Sikuwa daktari wala muuguzi. Sifa yangu ilikuwa moja tu, kwamba na mimi ninayo sukari, na mimi pia najidunga sindano ya insulini kila siku. Ofisini tuliitwa wasaidizi rika. Vijijini walituita "wale wenye sukari", na hilo ndilo jina lililotufaa.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani Madungu. Maradhi yalinijia taratibu. Kiu ilikuwa haiishi, usiku mzima njia ya chooni ni yangu, na mwisho nikawa napitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa kubahatisha. Daktari alinieleza vizuri kabisa nile nini na niache nini. Nilimwitikia ndiyo kwa kila jambo, nikarudi nyumbani nikapika mkate wa kumimina wenye sukari tele, nikaula nusu yake kwa hasira. Nilimchukia yule daktari kwa sababu alikuwa na afya njema.

Siku chache baadaye akapiga hodi mwanamke nisiyemjua, mnene, mcheshi, jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa Bi Zuwena, wa mwanzo kabisa katika kazi hii yetu. Hakuniuliza habari za dawa. Alikaa kwenye mkeka, akavua ndara, akanyoosha mguu wa kulia mbele yangu. Vidole viwili havikuwapo.

"Hivi viliondoka na ukaidi wangu," akasema. "Weye vyako vipo vyote?"

Nikasema vipo.

"Alhamdulillahi. Basi hatujachelewa. N'onyeshe."

Nikamwonyesha miguu yangu, mimi ambaye hata mume wangu nilikuwa nikimficha mipasuko ya visigino. Mpaka leo sijui neno gani lingenifungua zaidi ya ule mguu. Alikuja kwangu mwaka mzima. Nilipotulia, yeye ndiye aliyenipeleka kliniki na kuwaambia kwamba nina mdomo mpana na moyo mwepesi, na vyote viwili vinahitajika.

Siku yangu ya kwanza kazini tulikwenda nyumba moja karibu na kiwanja cha Gombani. Mwenye nyumba alikuwa na sukari iliyopanda vibaya, na jambo la kwanza alilotufanyia ni kutuletea chai tamu kama asali pamoja na sahani ya halua. Mnacheka, lakini huko ndiko kazi inakoanzia. Kwetu Pemba kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kumwambia hukumtaka aje. Ukikataa umemtukana mwenyeji, na ukinywa umeitukana kazi yako. Nikamtazama Bi Zuwena. Yeye akatoa kipande cha mdalasini kwenye mkoba wake, akamwambia yule mama, "Mwanangu, mie nna chai yangu ya kishamba, ya mdalasini na karafuu, sukari haitiwi. Hebu twende jikoni nikakufunze." Wakaenda wote wawili. Walirudi na birika jingine, na yule mama akanywa pamoja nasi, akasema si mbaya. Halua ilirudi ilikotoka na hakuna aliyeitaja. Tangu siku hiyo mkoba wangu haukukosa mdalasini.

Mkoba ulikuwa na vitu vingine. Kilikuwamo kipimo cha sukari na vijiti vyake, ambavyo kila mara huisha kabla ya mwezi. Kilikuwamo kioo kidogo cha mkononi. Nyinyi mlifikiri cha kujitazamia uso, na sitakataa kwamba nilikitumia hivyo garini, ila kazi yake hasa ni kutazamia nyayo. Mtu mzima hawezi kuinama akaona chini ya mguu wake. Kiwekeni sakafuni, mwacheni apitishe mguu juu yake, ataona kidonda ambacho hakisikii. Na kwa wasio na friji niliwaonyesha kuweka insulini kwenye mtungi mdogo uliotiwa ndani ya chungu cha mchanga mbichi, pembe ya nyumba isiyofika jua. Bi Zuwena alinifunza hayo yote kwa kufanya, hakunisomea. Alinikataza jambo moja tu, nisimwambie mgonjwa "usile". "Nwulize jana kala nini," alisema, "kisha nwambie weye ulikula nini. Na useme kweli." Alifariki kwa moyo, si kwa miguu, na nilimlilia kuliko nilivyowalilia wengi wa damu yangu.

Sasa niwaeleze habari za Bi Mize, maana kwake ndiko nilikoijua kazi yangu.

Bi Mize anakaa Msuka, kaskazini kabisa, na ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Wasichana wa kijiji huja kusoma barazani kwake asubuhi na alasiri. Mama wa makamo, mrefu, sauti yake haipandi lakini hakuna asiyeisikia. Kliniki ilinipeleka kwake kwa sababu ya Ramadhani. Daktari alikuwa amemkataza kufunga kwa vile anajidunga insulini, na yeye Ramadhani iliyotangulia alifunga hivyo hivyo, akaanguka.

Alianguka barazani, alasiri, mbele ya wanafunzi wake. Jasho lilimtoka mpaka ushungi ukarowa, akawa anatetemeka na kusema maneno yasiyoungana. Aliyefika mwanzo ni wifi yake, Bi Fatma, anayekaa nyumba ya pili. Watu wakasema ni shetani, ukachomwa ubani. Jirani mmoja alileta kikombe cha maji ya sukari, Bi Fatma akamzuia mkono. Huyu kafunga, alisema, na magharibi imekaribia, mnataka kumvunjia saumu yake? Wakakaa wakampepea mpaka adhana, ndipo wakampa tende na maji, naye akazindukana. Alipopata nguvu aliwashukuru wote kwa kumlindia funga yake.

Niliposikia kisa hicho nilikasirika, kisha nikaona sina wa kumkasirikia. Walimpenda. Walimhifadhia kile walichojua kwamba anakithamini kuliko vyote. Lakini daktari alisema wazi kwamba akianguka hivyo mara nyingine, huenda asiamke, na Ramadhani ilikuwa inaingia.

Nilikwenda Shaabani inamalizika. Nilijiandaa na hoja zangu zote, na Bi Mize akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Aya ya ruhusa naijua, Bi Raya," akasema. "Mie ndo nnayewasomesha. Daktari kanipa ruhusa. Shehe kaja hapa mwenyewe kanipa ruhusa, na fidia kanambia nitoe. Alobaki kunipa ruhusa ni jirani."

Akanyoosha kidole kuelekea jikoni kwake.

"Nkiwasha moto nchana, moshi watoka juu ya paa, Msuka nzima yajua. Msichana akila, watu hunyamaza, udhuru wake wa kila mwezi wajulikana. Mie umri huo ushanipita. Ntu nzima, mwalimu, nile nchana? Watoto nitawatazama vipi?"

Hakuwa na ujinga hata chembe. Hakuhitaji kuelimishwa, alihitaji mahali pa kula. Garini njia nzima nilifikiria jambo hilo hilo, na nilipofika nyumbani sikuwa na jibu ila kwamba nitakwenda na chakula.

Basi Ramadhani ilipoingia nikabeba. Mara ya kwanza nilitia samaki wa kukaanga, na hilo nawaomba msilirudie. Gari ya Konde, ndiyo iendayo upande wa Msuka, imejaa watu waliofunga, madirisha nusu hayafunguki, na mkoba wangu unanukia. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka mara tatu. Mara ya tatu alisema tu, "Subhanallah," akageukia njia. Tangu hapo nikabeba muhogo wa kuchemsha, kunde na tango, vitu vinavyojua kunyamaza.

Nilimkuta Bi Mize amefunga. Nikampima, sukari ilikuwa imeshaanza kuteremka, na vidole vyake vilikuwa baridi. Nikamwomba tuingie chumba cha ndani. Nikafunga mlango, nikatandika kitambaa juu ya mkeka, nikafunua bakuli, nikasema bismillahi nikala. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama ukuta.

"Tafuna taratibu," alininong'oneza. "Barazani pana watoto."

Nilikuwa na maneno ya semina tayari mdomoni, na hakuna hata moja lililotoka. Yaliyotoka sikuyapanga.

"Bi Mize," nikamwambia, "mimi kila Ramadhani nakula nyuma ya mlango wa jiko, nimesimama, kama paka aliyeiba. Mwanangu anajua, mkwe wangu anajua, na bado najificha. Nimekuja huku kote nikitaraji leo nitakula nimekaa, na mwenzangu yuko mbele yangu. Utaniacha nile peke yangu nyumbani kwako?"

Hapo nikaona haya.

Mliozaliwa kisiwa hiki mnajua nilichomfanyia. Kwetu mgeni hali peke yake. Hata mwenyeji aliyeshiba hunawa mkono, akakaa, akadokoa tonge mbili tatu ili mgeni asione haya. Kumwacha mgeni na sahani yake ni aibu ambayo nyumba haiisahau. Bi Mize alikuwa na aibu mbili mbele yake, na mimi nilikuwa nimekaa katikati.

Alivuta pumzi ndefu. "Hapo umenshika pabaya," akasema.

Akashuka kitandani, akanawa, akasema bismillahi. Alikula kipande cha kwanza cha muhogo machozi yanamtiririka, na mimi nikaendelea kula ili asione namtazama. Alikula cha pili. Alipofika cha tatu alikigeuza geuza mkononi.

"Muhogo wa wapi huu? Hauna hata chumvi."

Nikajua atapona. Moyo ulinitua, nikacheka mpaka akaniziba mdomo kwa kanga yake.

Baadaye kwenye mafunzo mmoja wenu aliniuliza kama ile ilikuwa mbinu. Haikuwa mbinu. Ingekuwa mbinu angeijua, kwa sababu watu wa Msuka wanamjua muongo tangu anapovua viatu. Nilikuwa nimechoka kweli kula peke yangu. Andikeni hilo kwenye semina zenu kama mtaweza.

Sikuweza kwenda kila siku. Siku nisizokwenda nilimpigia simu adhuhuri, kila mmoja amejifungia kwake na bakuli lake, tukala simu ikiwa sikioni. Hatukusema mengi. Nilimsikia akitafuna, naye alinisikia, ikatosha. Chakula nilimwachia nikienda, na kisipokuwapo alikula baridi kilichobaki cha daku.

Siku moja katikati ya mwezi tulikuwa chumbani, na mimi sikuutia mlango komeo. Bi Fatma akaufungua bila ya hodi, kama wifi wafanyavyo. Mimi nina kunde mkononi, Bi Mize ana muhogo mdomoni.

"Astaghfirullahi," akasema Bi Fatma.

Bi Fatma ndiye sauti ya kijiji kile. Anachokijua yeye asubuhi, Konde wanakijua jioni. Nikamtazama Bi Mize, nikidhani atafunika bakuli. Alimaliza kutafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Karibu, wifi. Sie ngonjwa, twala. Ukae au urudi, lakini funga nlango, nzi waingia."

Bi Fatma hakukaa wala hakurudi. Alisimama pale pale.

"Ulivyoanguka mwaka jana?" akauliza.

"Sukari ilinshuka. Haukuwa shetani."

"Na yale maji ya sukari nlokataza?"

Bi Mize alisita. Niliona anatafuta jibu la kumwokoa wifi yake, na hakulipata. "Yale ndo yalokuwa dawa," akasema polepole.

Bi Fatma akaegemea mwimo wa mlango, akateremka mpaka chini, akajifunika uso kwa ushungi. "Nlitaka kukuua, wifi yangu. Kwa nkono huu." Alilia kwa sauti, huku Bi Mize anamwambia ulintakia kheri, ulintakia kheri, na mimi, niliyelipwa kwa ajili ya kuliwaza watu, nimekaa na kunde zangu mkononi.

Kesho yake asubuhi palikuwa na bakuli la uji wa mtama limefunikwa kwa kawa mlango wa uani. Bi Fatma aliupika alfajiri kwenye moto wa daku, na moshi wa saa hizo hauulizwi na mtu. Akawa anaupika kila siku, na adhuhuri anakuja kukaa barazani na ukili wake, akisuka. Anayemuuliza mwalimu anaambiwa, "Mwalimu kapumzika," na jinsi anavyolisema hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Lakini kijiji ni kijiji. Haikupita muda wanafunzi wawili watatu wakawa wananong'ona "kobe", jina wanaloitwa wala mchana wa Ramadhani, kisha wanacheka ndani ya mitandio yao. Bi Mize aliwasikia mimi nikiwapo. Alitoka barazani, akaketi mahali pake, akamwita yule aliyecheka zaidi amsomee aya ya saumu. Msichana akasoma vizuri. Akaambiwa afasiri. Alipofika kwenye mgonjwa, Bi Mize akamwinulia kidole.

"Simama hapo. Ngonjwa huyo ndo mie. Nna sukari, najidunga sindano, na nchana nala. Nani ana suala?"

Msichana akarudisha macho kwenye msahafu. "Haya, endelea," akasema, na darasa likaendelea. Wahenga wamesema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Jioni ile Bi Mize alitembea na mimi mpaka njia ya gari, na njia nzima alikuwa anaimba kaswida kwa sauti ndogo.

Alimaliza Ramadhani ile, na nyingine, na nyingine. Wagonjwa wengine sikuwawahi, na majina yao nayajua yote, lakini hayo ni yangu na Mungu. Nilifanya kazi mpaka macho yakaanza kunikatalia njia. Bodaboda walikuwa wakinishusha nyumba siyo nami nakaribishwa chai, nikagundua kosa nikiwa nimeshaikalia. Nikaona basi, imetosha.

Ramadhani hii iliyopita ilikuwa ya kwanza kwangu bila ya kazi. Naishi Gombani kwa mwanangu. Mkwe wangu ni binti mwema, hunipikia changu cha mchana mapema, hukifunika kwa kawa mezani, kisha huondoka polepole ili asinione nikila. Hufanya hivyo kwa heshima. Nami nikawa nakaa na ile kawa. Sikuwa na wa kumpelekea bakuli, simu haikulia adhuhuri, na nyumba nzima kimya, imefunga. Nilifunua, nikafunika. Sahani zikawa zinarudi jikoni na chakula chake. Sindano najidunga, chakula sili, na mimi ndiye niliyewafunza watu wa kisiwa kizima hatari ya jambo hilo. Siku moja mkwe alinikuta natetemeka, akanipa maji ya sukari. Kisha alichukua simu yangu akatoka nayo uani.

Siku ya pili yake, adhuhuri, nikasikia hodi. Nilimjua kwa sauti, uso wa mbali siuoni vizuri tena. Bi Mize alikuwa ametoka Msuka peke yake, buibui limejaa vumbi. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akaweka bakuli katikati.

"Nkwe wako kanambia huli."

"Sina hamu, Bi Mize."

"Sikukuuliza hamu. Nimetoka Msuka na njaa yangu." Akafunua bakuli, akanawa. "Utan'acha ngeni nile peke yangu nyumbani kwako?"

Nikainuka kufunga mlango, akanishika kanga akanirudisha chini. Basi nikanawa, nikamega muhogo.

"Hauna chumvi," nikasema.

"Ndo wako huo," akajibu. "Nimeupika kama ulivyokuwa ukin'letea."

Tukala mpaka bakuli likaisha, mlango uko wazi, na mkwe wangu akatuletea maji ya kunywa.